Gita la Chumba cha Pasi

Hoteli ilipofungwa, vitu vyake vilitolewa uani vikauzwa: vitanda, vioo, sufuria za kumtosha mtoto kuogea, na saa za ukutani, kila moja na wakati wake. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kitu kimoja tu. Mtunza stoo wa zamani, niliyefanya naye kazi miaka mingi, ndiye aliyekuwa anauza, amekaa juu ya friji iliyolazwa chini.

"Bibi wa Pasi," akasema. "Umefuata vitambaa vyako?"

"Nimefuata lile gita la ukumbini."

"Gita? Unataka gita au unataka kuni?"

"Kuni ninazo."

Akashuka, akalitoa ndani, lile gita la jazi lenye tumbo nene na matundu mawili marefu yaliyopinda. Lilikuwa limetundikwa ukutani kama pambo tangu bendi ivunjike. Akataja bei. Nikamwomba aitaje tena polepole, huenda masikio yamenidanganya. Hayakunidanganya. Tulivutana mpaka kivuli cha ukuta kikahama miguuni kwangu, mwisho akachoka yeye kwanza, maana mimi sina haraka na kitu.

"Haya, na nani atalipiga?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akakaa tena kwenye friji. Alipoona mimi sicheki, akanitafutia sanduku lake.

Miaka thelathini na moja nilipiga pasi vitambaa vya meza katika hoteli ile. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko, kina joto mwaka mzima, na kwa sababu ya joto hilo mpiga solo wa bendi alikuja humo kila mchana kulainisha vidole. Tulimwita Taratibu, kwa kuwa hata mvua ikimkuta njiani hakukimbia. Alikaa kwenye kapu la nguo lililofunikwa, akapiga. Mimi nikapiga yangu, pasi.

Alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Kiongozi wa bendi aliukataa. Alisema watu wanakuja kucheza, hawaji kulala. Basi ukabaki wa chumba cha pasi. Lakini wimbo wa solo peke yake ni kama mtu anayetembea bila ardhi, ndivyo alivyosema Taratibu, anahitaji mtu wa kumshika chini. Akaazima gita dogo la bei rahisi, akanifundisha mikao minne ya vidole, minne tu, na jinsi ya kuizungusha. Mikao mitatu inakwenda, inarudi, inakwenda, na ule wa nne ndio unaourudisha wimbo nyumbani ukakaa. Nilikuwa nikimaliza kitambaa cha mwisho, nafuta mikono, nakaa kwenye ndoo, tunaupiga mara moja. Halafu anakwenda kuvaa koti lake na mimi nakwenda kuchukua watoto.

Watu walisema mengine. Hakukuwa na mengine. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa malori, alijua, na aliniambia afadhali mimi kazini kwangu kuna muziki, kwake kuna pancha tu.

Taratibu alikufa kwa kifua, gita likabaki kwa sababu lilikuwa mali ya hoteli. Mume wangu naye akatangulia. Watoto wakaenda walikokwenda, wakaoa na kuolewa huko. Nyumba ina vyumba vitatu, na mimi natumia kimoja na nusu. Kuna siku naweka redio nisikie tu mtu akikohoa. Wimbo ule haukuandikwa wala kurekodiwa mahali popote. Aliyebaki kuujua ni mimi, na ninayoijua ni nusu ya chini. Nilitaka kuupiga kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata mara moja, kabla vidole havijaniacha. Hilo tu ndilo nililonunulia gita.

Jumapili nikamwambia binti yangu kwenye simu.

"Gita, mama? Na vidole hivyo?"

"Hivyo ndivyo nilivyonavyo."

"Ungeninunulia hata kitanda cha wageni nikija."

"Ukija utalala kwangu, mimi nitalala na gita."

Akacheka, akasema hela ya simu inakwisha. Huwa inakwisha mapema.

Nilipofungua sanduku nyumbani, kilichonipokea ni harufu ya kafuri. Nikafurahi. Mtu wa vitambaa akisikia kafuri anajua kitu kilitunzwa. Lakini masika yalikuwa yanaanza, na masika viungo vyangu huvimba, hasa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kinakuwa kama tangawizi. Nikasema, nisubiri mvua zipite. Nikalitunza gita kama nilivyotunza vitambaa vya harusi vya hoteli miaka yote ile: nikalifuta, nikalifunga kwa nailoni mara mbili, nikaongeza vidonge vya kafuri kila pembe, nikafunga sanduku, nikaziba mshono wake kwa gundi ya karatasi, hewa isipite. Nikalisukuma chini ya kitanda. Miezi miwili na nusu. Kila nilipofagia nililigonga kidogo kwa mpini wa fagio, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

Mvua zilipokwisha nikalivuta nikalifungua, na harufu iliyotoka haikuwa ya kafuri. Ilikuwa kali, ya kitu kilichochacha, ikanitoa machozi. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika zenyewe, zimeota ukijani. Chuma cha chini kinachoshika nyuzi kilikuwa na malengelenge. Lile bamba jeusi lililo chini ya nyuzi, la kuzuia kucha zisikwaruze mbao, lilikuwa limejikunja, limepasuka vipande vipande, na linatoa jasho la kunata. Ukingo mweupe unaozunguka tumbo ulimeguka nilipougusa, kama ganda la yai.

Nilikaa chini sakafuni kwa muda. Kisha nikalipeleka kwa fundi.

Fundi wa magita ana chumba chembamba katikati ya duka la viatu na mahali pa kutoa fotokopi. Ni mtu wa umri wa wanangu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua sanduku, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hili lilikuwa limefungwa?"

"Nililifunga vizuri sana. Lilikuja likinukia kafuri, nikaongeza nyingine."

"Hewa ilikuwa inaingia?"

"Hata kidogo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Niliona anatafuta maneno ya kuniambia bila kuniumiza, na hilo likaniumiza zaidi.

"Kosa ni la bamba hili," akasema. "Plastiki ya zamani. Hata hiyo kafuri uliyoinusa mwanzoni ilitoka kwenye plastiki yenyewe, huchanganywa humo ikitengenezwa. Ikizeeka inaoza, inatoa hewa chungu, na hiyo hewa inakula chuma, inakula nyuzi, inaozesha na plastiki nyingine iliyo karibu. Likiachwa wazi, hewa inajiendea zake. Ukutani pale lingekaa miaka. Ulipolifunga, lilibaki linajila lenyewe."

"Kwa hiyo nimelila mimi."

"Sikusema hivyo, mama."

"Mimi ndiye niliyesema."

Akaendelea kulipapasa. Shingo nayo ilikuwa imeinuka kwenye kiungo chake, gundi imechoka, nyuzi zingekaa juu mno kwa mkono wowote, sembuse wangu. Ili kuirudisha ilibidi kwanza kuifungua kwa mvuke, na hapo sauti ya fundi ikapungua.

"Nitakueleza ukweli. Niliwahi kufungua shingo moja kwa mvuke nikaunguza mbao. Mwenyewe mpaka leo akiniona anavuka barabara. Naweza kukubadilishia vyuma, nikatoa bamba, ukalitundika nyumbani likapendeza."

"Lilishatundikwa vya kutosha. Pasi yako iko wapi?"

"Pasi?"

"Shati lako limenyooshwa na nini?"

Akaitoa chini ya meza. Tako lake lilikuwa jeusi kama la sufuria ya msibani. Nikamwomba chumvi na gazeti, nikaisugua ikiwa ya moto mpaka ikateleza. Nikalowesha kitambaa cha pamba, nikakikamua kisidondoshe, nikakikunja mara nne. Nikatema mate kidogo kwenye pasi nisikie yanavyoruka.

"Wewe shika kisu," nikamwambia, "na unionyeshe gundi iko wapi. Mvuke niachie mimi."

"Isizidi joto, mama."

"Fundi, nimepiga pasi hariri za mabibi harusi wakiwa wanalia mlangoni."

Pasi haisukumwi kwenye kazi kama hiyo, inakalishwa, inainuliwa, inakalishwa. Kitambaa kikianza kunyamaza kimekauka, unakilowesha tena. Mkono wangu wa kulia hauvimbi sana, ulikumbuka wenyewe. Fundi alipitisha kisu chembamba kidogo kidogo, jasho linamtoka puani, na kila mara ananiangalia mimi badala ya kuangalia gita. Tulikwenda hivyo mpaka duka la viatu likafungwa kwa chakula cha mchana na kufunguliwa tena. Halafu mbao ikaachia, sauti ndogo kama ya mtu anayetoa kidole mdomoni. Haikuungua popote.

Fundi akakaa kwenye kiti, akasema, "Mama, njoo tu kila siku."

Bamba alilitoa mwisho. Kabla hajalitupa kwenye debe la nje, aliniwekea mkononi, na kwenye kipande kikubwa niliona mikwaruzo ya kucha, yote ikielekea upande mmoja, miaka na miaka ya mkono wa Taratibu. Kilikuwa kinaninata vidoleni. Nikamwambia atupe, nikaenda kunawa.

Ilichukua wiki tano. Vyuma vipya, vya rangi tofauti kidogo. Ukingo mweupe ukabaki na mapengo, akayajaza kwa nta. Pale palipokuwa na bamba, mbao ilibaki na kivuli chekundu ambacho jua halikuwahi kukifikia. Siku ya kulichukua alitoa kiti kizuri, akakifuta.

"Jaribu."

Nikakaa. Nikaweka mkao wa kwanza, vidole vikatafuta, vikapata. Wa pili ukaja. Wa tatu ukauma, lakini ukaja. Nikauzungusha wimbo, polepole kama tulivyoupiga, na gita likaitika kwa sauti nene ambayo gita dogo la kuazima halikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa nasikia solo yake juu ya mikono yangu, kila neno lake, kichwani tu. Fundi hakuisikia. Nikafika kwenye wa nne, na kidole cha pete hakikukunja. Nilikiamuru. Nilikisukuma kwa kidole cha jirani. Uzi ulitoa sauti ya kufa. Nikarudi mwanzo, nikazunguka, nikafika pale pale.

"Hiyo ni rithim," fundi akasema. "Wimbo wenyewe uko wapi?"

"Alikwenda nao mwenyewe. Mimi nilikuwa nashika chini."

"Na hapo unapokwama?"

"Hapo ndipo unapoisha. Bila hapo hauishi, unazunguka tu."

Alisimama nyuma ya kiti. "Nionyeshe kidole kinatakiwa kukaa wapi." Nikamwonyesha kwa kucha. "Haya, anza."

Nikaanza. Mizunguko yote, bila kuruka, kama ilivyo. Nilipofika kwenye wa nne nikaweka vidole vyangu viwili, na mkono wake ukapita juu ya bega langu ukabonyeza uzi wa tatu. Nikapiga. Wimbo ukakaa chini.

Fundi aliondoa kidole chake, akageuka, akaanza kupanga bisibisi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Kuna namna ya kuupiga huo mkao kwa vidole viwili," akasema baadaye, akiwa bado amenipa mgongo. "Hautakuwa ule ule."

"Hautakuwa ule ule," nikasema.

Alinielekeza kulitunza: lisifungwe, likae mahali penye hewa, lipigwe. Sanduku nilimwachia.

Sasa linakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kwenye chumba ambacho nilikuwa sikitumii. Alasiri, nikishamaliza kazi zangu, nalichukua. Mkao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Inakuja haraka kuliko mwanzo. Naacha nafasi pale ambapo solo ilikuwa inaingia, maana siwezi kupiga juu yake hata kama haipo. Nikifika kwenye wa nne nainua mkono, nangoja kidogo, narudi mwanzo. Nafanya hivyo mpaka mkono uchoke, na unapochoka nasimama popote ulipo, katikati, kama mtu aliyeitwa nje.

Juzi jirani yangu, yule mwenye mapacha, alikuwa anaanua nguo, akaniita juu ya ukuta.

"Bibi, ule wimbo wako mzuri. Lakini mbona hauishi?"

"Unaisha, mwanangu. Niliumaliza siku moja kule kwa fundi."

"Na hapa?"

"Hapa niko peke yangu."

Akatia kibanio mdomoni, akakumbatia nguo kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa, akaingia kwake. Mimi nikaingia kwangu, nikafungua dirisha, nikakaa.