Jogoo wa Bibi Gertruda

Mwezi wa saba upepo wa mwera ukivuma, ziwa halimtaki mtu. Mitumbwi ya Mbamba Bay inapinduliwa mchangani, na sisi wavuvi tunabaki nyumbani kuwasumbua wake zetu. Mimi hukaa barazani nikifunga manyoya kwenye ndoana. Nyoya jeupe la shingo ya jogoo, likizungushiwa uzi vizuri na kuvutwa majini, samaki aitwaye mbasa hulidhani usipa, dagaa wa ziwani kwetu. Lakini liwe jeupe pee. Lenye doa hata samaki mjinga halitaki.

Jogoo wa namna hiyo alikuwa mmoja tu mtaani, wa Bibi Gertruda, mjane jirani yangu. Alimfuga mwaka mzima ili amtoe sadaka kanisani siku ya mavuno, na jumuiya yetu yote ilijua. Ningemwomba, angenipa manyoya mawili matatu. Mimi nilitaka thelathini. Basi Jumanne alipokwenda msibani Kingerikiti, nikamkamata jogoo nyuma ya jiko, nikamnyonyoa shingo yote. Nilijiambia kwamba yataota tena kabla ya mavuno. Mtu akijidanganya mwenyewe hakosi wa kumwamini.

Alhamisi asubuhi Bibi akaja na mfuko wa nailoni mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Isidori. Nimekuja kukuonya, kuku wako uwafungie ndani. Nimerudi jana nikamkuta jogoo wangu kajikunyata, manyoya ya shingo yametoka yote. Ni mdondo tu ule."

"Umempa dawa?"

"Dawa ya nini? Nimemchinja, nikamzika. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Ndivyo. Mwaka juzi mdondo ulimaliza kuku wa mtaa mzima, tukapatana kwamba atakayeona dalili amchinje kuku wake siku ileile, amzike, asimle. Aliyelisimamia jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, akisema hata awe kuku wa padri, alikuwa mimi.

"Na sadaka yako?" nikauliza.

"Nitapeleka mahindi. Mungu hali manyoya." Akaniwekea ule mfuko magotini. "Ila nilimnyonyoa kwanza manyoya yaliyobaki, nikayachemsha nisikuletee ugonjwa. Najua wewe unayataka meupe. Yasipotee bure."

Aibu ilinishika hadi masikioni. Nyuma yangu, kwenye kamba, ndoana zilining'inia zote thelathini, na Bibi Gertruda macho yake ni mazima. Alikuwa amekwisha kuziangalia. Alinyoosha mkono akaishika moja, akalipitisha nyoya lake kati ya vidole taratibu, kama mtu anayepapasa nguo ya marehemu.

Ningeweza kusema nimeyanunua Mbinga. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, na nilijua kwamba angeukubali kwa heshima, aende zake.

"Ni ya kwako, Bibi," nikasema. "Hakuwa na mdondo. Nilimnyonyoa mimi."

Mwera ulikuwa unapiga bati.

"Kwa hiyo alijikunyata kwa baridi," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

Aliirudisha ndoana kwenye kamba, mahali pake palepale. Nilinyoosha mfuko nimrudishie, hakuupokea.

"Baki nayo," akasema. "Wewe uliyachukua ya shingo tu."