Bangili ya Mayai ya Kambare

Jumapili asubuhi, baada ya kusugua masufuria, Bibhabati alipunguza maji ya tangi la kioo na kujazia ya mvua. Muuza samaki wa sokoni Kolkata alimwambia kambare wakisikia baridi hudhani masika yameingia, wakataga. Walikuwa kambare wa urembo, wadogo kama kidole gumba. Bibhabati, mlezi wao, alikuwa mjane, asiyeonja samaki tangu afiwe na mumewe, maana ndiyo mila ya wajane wa huko.

Walishataga mara mbili kiooni. Mayai ya kwanza waliyala wenyewe, ya pili yakaota ukungu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Safari hii alizamisha jani la mti wa mkungu kuzuia ukungu. Mkono ungali majini, jike akaja, mayai kayabana kwa mapezi ya tumboni, akambandikia kwenye kifundo cha mkono, duara zima, pale alipovunjiwa bangili za ndoa mumewe alipofariki.

Bibhabati aliuacha mkono majini. Bahati ulikuwa wa kushoto, kula alikula.

“Wifi, na viazi atamenya nani?” aliuliza Sulekha, mke wa kaka yake.

“Nishikie kiazi, nimenye.”

Wiki hiyo Torsha, binti wa Sulekha, alikuwa anaolewa. Bibhabati ndiye aliyemlea, na alitamani jambo moja tu: kumpaka manjano siku ya kusingwa. Lakini mjane hampaki bi harusi. Ni nuksi.

Mayai yakaota macho. Kuhani wa harusi alikuja, akainama, akatamka kwamba hiyo ni bangili halali, tena ya uzazi.

“Basi Mama, Shangazi anipake,” alisema Torsha.

Sulekha alilifikiria kwa haki kabisa. “Bangili ni ya kambare, mwanangu. Shangazi yako bado mjane.”

Bibhabati aliumia sana, ila hakuutoa mkono. Alitaka kuyaona yakianguliwa.

Siku ya manjano tangi lilitolewa uani, naye akakaa kando yake. Kila mwanamke mwenye mume aligusa kwanza ile bangili apate baraka, kisha akachovya manjano na kumpaka Torsha. Katikati ya shughuli mayai yakaanguliwa. Vitoto vikashuka mchangani, vigelegele vikapigwa.

Mkono ukabaki mtupu. Torsha akamwinamia shangazi yake, akamtegea shavu ampake.

Sulekha alimpa wifi yake taulo, akamsaidia kuinuka, akamwomba kwa upole apitie mlango wa nyuma.