Picha Moja ya Magige Hewani

Mtu asikudanganye kwamba kupiga picha za mpira usiku, tena kwenye mvua, ni sawa na kupiga picha za harusi. Mimi nilijidanganya mwenyewe, na soko zima la Migori likanicheka. Mwaka jana nilienda Rongo kwenye mechi na kamera yangu, flashi nimeipachika juu yake vile huwa naipachika nikipiga bwana na bibi harusi. Mvua ikashuka, nami nikabonyeza karibu mara mia mbili. Kurudi studio, kufungua picha, naona matone! Matone meupe, manono, kila moja limepigwa na mwanga usoni, na huko nyuma gizani kuna vitu vinakaa kama watu. Ukikaza macho sana unaona kiatu.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mama Mvua ya Mawe. Jina langu halisi ni Risper. Hasira zangu ziko karibu, sikatai, na mtu akiniita hilo jina lingine mbele ya wateja, picha yake ya pasipoti inatoka amefumba macho.

Lakini hii ni habari ya Magige. Magige anauza mayai, duka lake liko ukuta kwa ukuta na studio yangu. Ni Mkuria mmoja mrefu, mpole mpaka inaudhi, na kwa miaka kumi na minane amekuwa golikipa wa timu ya wafanyabiashara wa Migori. Sisi na wenzetu wa Homa Bay tuna kombe letu, na linachezwa usiku kwa taa za kukodi, kwa sababu nionyeshe mfanyabiashara atakayefunga duka mchana eti akakimbize mpira.

Siku moja, wiki mbili kabla ya fainali ya mwaka huu, Magige aliingia studio na simu ya mkewe mkononi.

"Angalia hii," akasema. "Nimelala. Hii hapa, nimelala. Hii nimelala kifudifudi. Hii niko kwa matope, mguu ndio unaonekana."

Ilikuwa kweli, yawa. Sisi wapiga picha tunangojea bao. Bao likiingia, mfungaji anaruka, wenzake wanaruka, na kipa yuko wapi? Chini. Miaka kumi na minane ya mpira, na mtu wa watu hana picha hata moja amesimama. Mkewe Mellen naye hajawahi kuona mechi hata moja, maana siku ya mechi yeye ndiye hubaki dukani na kupokea mayai yanayotoka Ndhiwa. Anachojua kuhusu mpira wa mumewe ni hizo picha. Kila akimwona anabeba viatu humuuliza, "Leo unaenda kulala wapi?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikashika meza, halafu nikaona mwenzangu hacheki.

"Risper, daktari amesema goti limeisha," akasema. "Fainali ya Homa Bay ndiyo yangu ya mwisho. Nataka picha moja niko hewani. Moja tu. Niiweke ukutani Mellen aone kwamba nilikuwa naruka."

Akainamisha uso, akawa anapangusa kioo cha simu kwa kidole. Mimi huwa sijui nifanye nini na mwanaume mkubwa akikaribia kulia, nakasirika tu. "Utapata!" nikamfokea. "Sasa toka, nina wateja." Sikuwa na mteja hata mmoja.

Basi nikaanza kusoma upya. Nilimwita Ogeto, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, nikampa mkebe wa kumwagilia maua, yeye anamwaga maji kutoka juu ya kiti, mimi napiga picha kabeji. Siku tatu. Watu walisimama kutazama na kuuliza kama kabeji inaolewa. Lakini nilipata dawa: ukiitoa flashi kwenye kamera ukaiweka mbali, kando, iwe inawaka kwa rimoti ukibonyeza, matone yaliyo karibu na wewe hayapati mwanga. Yanayong'aa ni yale ya kule, nyuma ya kabeji. Kabeji yenyewe ilitoka inapendeza, ningeweza kuipeleka kanisani.

Siku ya fainali tulifika Homa Bay saa kumi na mbili jioni, na ziwa lilikuwa limeshaanza kutuma mawingu. Mechi ilikuwa saa mbili. Nikachagua mahali pangu kando ya goli ambalo Magige angeanzia, na upande wa pili wa goli nikaamua kusimamisha flashi juu ya mti wa ufagio niliokuja nao, ielekee golini isimuumize mtu macho. Mvua ikaanza. Nikaivisha flashi karatasi ya plastiki ya mkate. Karatasi ikapeperuka, kwa hivyo nikamwomba Yakub, kapteni wetu, anayeuza vitambaa pale mjini, kitu cha kufungia. Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa chekundu. Nikafunga. Ardhi ilikuwa laini, mti ukawa unainama, nikapiga magoti nikachimba shimo kwa mikono, nikausimamisha, nikafukia, nikaushindilia udongo kwa kiganja huku nauongelesha, "Simama hapo, simama hapo, leo usiniangushe."

Sasa wewe unayeijua mipira ya huku kwetu, niambie. Mwanamke wa Migori, gizani, nyuma ya goli la Homa Bay, amepiga magoti, anafukia kitu chenye kitambaa chekundu, na anakisemesha. Akili yangu ilikuwa wapi?

Mechi ikaanza. Dakika ya tano, straika wao akabaki yeye na Magige peke yao. Akapiga, flashi ikawaka, mpira ukapaa juu ukaenda kutafuta ziwa. Dakika ya kumi na mbili, straika yule yule, mguu ule ule. Flashi ikawaka, mpira ukagonga nguzo. Magige alikuwa hajaruka hata mara moja. Aruke kwa kazi gani, na mipira inapita huko?

Kisha nikasikia sauti ya mama mmoja ikipasua uwanja. "Refa! Simamisha mpira! Kuna kitu kimezikwa pale!"

Alikuja na mwavuli wake, gumboti mpaka magotini, na nyuma yake nusu ya Homa Bay. Huyo ndiye Emmaculate, mwenyekiti wa mashabiki wao, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa jumla kutoka kisiwa cha Remba, na sauti yake imezoea kushindana na injini za boti.

"Nilimwona kwa macho yangu!" akamwambia refa Mayaka. "Nyar Migori huyu, binti wa Migori, amezika juju. Kila tukipiga, inakonyeza, mpira unatoka nje. Ichimbuliwe!"

"Mama, hiyo ni flashi," nikasema.

"Flashi gani inavaa nguo nyekundu?"

Nikamtazama Yakub, na Yakub akatazama viatu vyake.

Refa Mayaka alikuwa mtu wa haki. Akasimamisha mechi, akaagiza pachimbwe. Vijana wawili wakachimba mpaka mwisho wa mti, wakachimba tena chini ya hapo, wakapata maji. Emmaculate akasema basi iko ndani ya karatasi. Nikafungua karatasi. Akasema basi iko ndani ya hiyo taa.

Hapo nilichemka. "Sasa simama pale!" nikamwambia. "Simama pale kwa goli, na uweke mwavuli chini! Wewe, kijana, shika hii taa kando, hivyo. Mama, nitazame kana kwamba nimekataa kukulipa."

Hiyo haikumpa shida. Nikabonyeza, nikamletea kamera aone.

Akaisogeza kamera karibu na uso. Ilikuwa picha nzuri, acha niseme ukweli wangu: Emmaculate kidevu juu, mkono kiunoni, na nyuma yake mvua yote ya Homa Bay imewaka, tone kwa tone, shanga tupu.

"Huyu ni mimi?" akauliza polepole.

"Ni wewe, mama."

"Yawa." Akageukia watu wake. "Si juju. Ni flashi."

Ningefunga mdomo hapo ningekuwa salama. Lakini wote walitaka picha. Mwenye ngoma, mwenye vuvuzela, wazee wawili waliokumbatiana, hata straika wao akaja kusimama. Ningekataaje, na dakika mbili zilizopita walikuwa tayari kuniogesha ziwani? Nikapiga, nikapiga, na betri zikaanza kuishiwa. Nikakimbilia begi nichukue za akiba, nikazikuta zinaogelea.

Refa akatoa hukumu yake. Flashi irudi, ila isigusane na udongo wa Homa Bay, na ishikwe na mtu asiye wa Migori.

"Nitaishika mimi," Emmaculate akasema. "Nione hiyo konyeza-konyeza kwa karibu."

Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao na bila Magige kuruka, na kipindi cha pili tulimfuata goli la ng'ambo, mimi kando hii, adui yetu kando ile na taa yangu. Yakub alitufungia bao moja. Wao wakarudisha moja, na Magige, ndugu yangu, alikuwa wapi? Chini. Nililaani mpaka mshika kibendera akaniomba nimkumbuke Mungu. Halafu dakika ya sabini ikaja krosi, Magige akapaa, wallahi akapaa, akaupangua mpira kwa ngumi juu ya vichwa vya watu wote, nami nikabonyeza. Giza. Betri zilikuwa zimechoka, flashi ilikuwa bado inajijaza umeme. Nilitaka kulia.

Zikabaki dakika mbili. Beki wetu akamvuta mtu jezi, na Mayaka akanyoosha kidole. Penalti.

Uwanja wote ulipiga kelele. Mimi nilitembea mpaka kwa Emmaculate, nikaangalia flashi. Ilikuwa na mwako mmoja wa mwisho, labda.

"Mama," nikasema, na safari hii sikufoka. "Huyu kipa ni jirani yangu. Leo ndiyo mwisho wake. Mkewe hajawahi kumwona akicheza, na picha zote alizo nazo, huyu mtu amelala. Ameniomba moja akiwa hewani. Ukifunika hii taa kwa mkono, sina nyingine."

Akamtazama Magige, aliyekuwa akijipangusa matope usoni kwa mikono yenye matope zaidi.

"Mkewe anaitwa nani?"

"Mellen."

Akavuta pumzi. "Mimi naomba mpira uingie, nyathina, mtoto wangu, siwezi kukuficha. Mpira uingie. Lakini mtu wa Mellen aruke." Na akatupa mwavuli, akaishika taa kwa mikono miwili, mvua ikimpiga usoni.

Nikarudi mahali pangu. Straika akaweka mpira, akarudi hatua nne, akaja. Magige akaruka. Goti bovu na yote, aliruka kushoto, mwili mzima umenyooka, miguu imeachana na ardhi. Nikabonyeza mara moja, taa ikawaka.

Mpira ulikuwa umeenda kulia.

Homa Bay ililipuka. Watu walimwagika uwanjani, Emmaculate akanikumbatia na kunizungusha na taa yangu mkononi, akasahau kwamba mimi ni wa Migori. Yakub alikaa chini kwenye dimbwi akakataa kuinuka. Magige alisimama pale golini peke yake kidogo, halafu akaja akichechemea, akanyoosha shingo. Nikamgeuzia kamera. Aliangalia muda mrefu, mpaka kioo kikalowa nikakipangusa, akaangalia tena. Kisha huyu mtu mpole aliyepoteza kombe akaanza kucheka, anacheka na machozi yanatoka, na Yakub kutoka kwenye dimbwi akamuuliza kama ana akili timamu.

Kesho yake niliichapisha kubwa, upana wa mlango, nikaipeleka dukani mwenyewe. Mellen alikuwa anapanga trei. Akajipangusa mikono kwa leso, akaishika pembe mbili. Magige alijificha nyuma ya mayai yake kama mwizi.

Kwenye picha, nyuma ya Magige mvua imewaka. Yeye yuko hewani, mita nzima juu ya matope, vidole vyote vimefunguka, macho yanatafuta. Mellen akaangalia, akaangalia. Nilijiandaa kumsikia akifanya mzaha, na nilikuwa na jibu kali tayari.

"Mpira uko wapi?" akauliza.

"Upande wa pili," Magige akasema. Hakudanganya. "Uliingia. Tulishindwa."

Mellen hakuwa anamsikiza. Alipitisha kidole juu ya picha, kutoka viatu mpaka kwenye zile ncha za vidole. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Miaka kumi na minane unaruka hivi," akasema, "na mimi niko hapa nahesabu mayai." Akageuka, akamtazama mumewe moja kwa moja. "Safari hii nafunga duka, nakuja. Mechi nyingine ni lini?"

Mimi nilifungua mdomo nimweleze habari za daktari. Magige akanitupia jicho moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikanyamaza nilipoambiwa.

"Jumamosi," akasema.

Hakukuwa na mechi Jumamosi. Nilitoka nje, nikampigia Yakub simu, na ingawa alikuwa bado amenuna nikamwambia atafute timu yoyote, popote, hata ya walimu, ije icheze na sisi.