Meza ya Wazazi

...na kiti hakitoki peke yake, nikikivuta cha Hamidu meza nzima inafuata, na changu kinafuata, kwa sababu niliviunganisha mwenyewe juzi kwenye kompyuta, meza na viti viwili, baba na mama wa bibi harusi, umbo moja, ukigusa kimoja umegusa vyote, ili visitawanyike nikipanga ukumbi, ndivyo nilivyojiambia, visitawanyike, na sasa Yasmin kasimama nyuma yangu na simu mkononi, mwanangu anaolewa Jumamosi hapa Visiga, “Mama, baba anasema atakuja, lakini akae na mama mdogo Swaumu, si vizuri kumtenga,” na kweli si vizuri, mke ni mke, wamelima wote mihogo kule Mzenga, kamuuguza mgongo, mimi talaka yangu ni ya zamani, wakati ule Yasmin hata meno ya utoto hajang'oa... “Mama, umesikia?” Nimesikia, mwanangu, natafuta pa kubonyeza, nasema, uongo, napajua, bonyeza kulia, tenganisha, basi, ndiyo kazi yangu, kutwa ofisini Kibaha nachora mitandao ya maji, naunganisha tangi na pampu, natenganisha, mkono hausiti, Amiri ndiye aliyenifundisha, “Dada Kidawa, usihamishe kimoja kimoja, utachoka, vifunge pamoja kwanza,” Amiri wa dawati la pili, mgane, akiniletea mahindi mabichi kutoka shambani kwake Mbwawa, siku ile tumesimama barazani tunangoja mvua ipungue akauliza, macho yake barabarani, “Nikileta wazee kwenu, watapokelewa?” nikasema ngoja kwanza Yasmin amalize shule, akamaliza, nikasema ngoja apate kazi, akapata, na kumbe moyoni nilikuwa nasema Hamidu atachoka na shamba, atarudi, asije akakuta kiti chake kimekaliwa, na Amiri akangoja, hakununa, hakunisema kwa mtu, akaacha tu kuuliza, mwaka jana akaoa, nikaenda, nikala pilau, nikamsifia bibi harusi kanga zake... “Mama, baba yuko hewani, nimwambieje?” na kweli yuko, sauti yake inakwaruza kwenye simu, haloo, haloo, sauti ile niliyoitegea sikio miaka yote, kila mlango ukigongwa, na sasa iko hapa chumbani na haigusi kitu, kama mtu anayeuliza njia, haloo, nami ninachosikia ni mvua kwenye bati la ofisi, na mwanaume mpole anayeuliza kama watapokelewa, na mwanamke mjinga anayejibu ngoja, ngoja, mkono wangu bado uko juu ya mausi, meza bado ni moja, sijabonyeza kitu, Yasmin ananiinamia, ananishika bega, anaziba simu kwa kiganja, “Mama, jamani, unamlilia baba?” natikisa kichwa, hapana, mwanangu, hapana, na safari hii si uongo.