Safari ya Kuangalia Tu

Gizani kifuniko cha termosi kililia kwii. Solange alikibana kwa kiganja, lakini mama mkwe wake, Kyakimwa, alikuwa ameshasikia.

"Chai ya nani saa hizi?"

"Ya mimi na Gracieuse, mama. Tunashuka Kyavinyonge, kwa ziwa. Tutarudi mangaribi."

"Ah, muzuri. Beseni iko nyuma ya mulango. Ulete samaki ya chumvi."

"Hapana samaki, mama. Tunaenda kuangalia bakiboko."

Kyakimwa akaketi kitandani. Mtu wa Butembo husafiri kwa biashara, kwa ndoa au kwa matanga. Hata anayekwenda Beni kumwona mgonjwa hubeba mfuko wa maharage, asije akapoteza safari.

"Kuangalia! Kwani kiboko atakupa nini? Ile ni kazi ya bazungu."

"Ziwa haiko ya bazungu, mama."

Solange alimvika Gracieuse, binti yake, sweta mbili, akamfunga mgongoni ingawa alikwisha kuwa mzito, akatoka. Beseni akaliacha palepale.

Jambo lilianza kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, alikokuwa akisoma Solange. Mwalimu alitundika ramani, akauliza nani amefika kwenye ile bluu iliyo karibu nao. Mikono mingi ilipanda. Wote walikuwa wamefuata samaki. Hakuna aliyeweza kusema ndege wa kule wana rangi gani. Solange aliona aibu, kisha aibu ikawa hasira. Mwanawe ataijua nchi yake kwa macho pia, sio kwa tumbo peke yake.

Pikipiki ya kukodi iliyowabeba ilipita kwenye baridi ya milima, ikashuka mpaka joto likawavua sweta. Kabla ya ziwa kulikuwa na kamba barabarani. Askari mmoja, Valère, aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali wa Équateur, alikuwa akipitisha akina mama na mabeseni yao. Alipofika kwa Solange akatazama mikono yake.

"Mama, beseni iko wapi?"

"Sina, chef."

"Donc utanunua na nini?"

"Sitanunua kitu. Tunaenda kuangalia bakiboko na bandege."

"Ya solo? Ya kweli? Mutu ya Butembo, bila beseni? Nani alikutuma?"

Mama mmoja nyuma yake akamnong'oneza, "Yaya, dada yangu, sema uko na matanga. Chukua hata beseni yangu, utapita."

Ulikuwa uongo mdogo, na kwa nia njema. Lakini Gracieuse alikuwa akimtazama mamaye mdomoni.

"Aksanti, dada. Sina matanga." Akamgeukia askari. "Chef, bazungu bakikuja na jumelles, ile ya kuonea mbali, kwa shingo, unabaulizaka beseni?"

"Bale ni batouristes."

"Na mimi ni touriste."

Akina mama wakaangua kicheko. "Touriste ya Butembo! Tutaona mingi!"

"Geuza moto, rudi," Valère alimwambia mwenye pikipiki.

Solange akamteremsha mtoto, akaketi kwenye jiwe kando ya kamba, akafungua termosi.

"Haturudi. Tutakunywa chai hapa mpaka utuambie kosa yetu ni nini."

Askari akakuna shingo. Kosa hakuliona.

"Na wewe mwenyewe, chef," Solange akamuuliza huku akimmiminia kikombe, "unalinda hii ziwa. Ulishaona bakiboko?"

"Nabasikiaka usiku. Mais kazi yangu ni hii kamba."

"Basi uko kama siye. Kunywa, twende."

Valère alikunywa. Akamwachia mwenzake kamba, akatundika bunduki begani. "Nitakufuata. Nione hiyo kitu munaangalia. Kama ni bongo, kama ni uongo tu, tunarudi wote."

Wakaingia kijijini, touriste na mlinzi wake. Ndege marabu warefu wenye upara walitembea baina ya nyumba kama maofisa wanaokagua usafi. Ndege wenye mfuko chini ya mdomo walijipanga juu ya mitumbwi, weupe wenye rangi ya waridi kidogo mgongoni. Wavuvi waliita, "Mama, kilo ngapi?"

"Hata moja!" Solange alijibu, na kila alipolisema neno hilo lilizidi kumpendeza.

Ukingoni maji yalikuwa na mawe tu. Wakasubiri. Valère alikuwa ameshafungua mdomo kulalamika pale mawe yalipopumua. Moja likainuka, likapanua kinywa chekundu. Askari akarudi nyuma, akamsukuma mtoto nyuma ya mguu wake, na hakukumbuka tena kulalamika.

Solange alisimama mikono mitupu, kifua mbele. Gracieuse akapenyeza kichwa kati ya magwanda ya askari na kitenge cha mamaye.

"Mama, iko na masikio ndogo," alisema.