Jumamosi ya Harusi Tulikuwa Mtoni

Watu wa Kasoli wanasema mimi ndiye niliyemharibu Joyness. Wanasema kisimani, wanasema kwenye mashine ya kusaga, na mmoja aliniambia usoni nikiwa na ndoo ya samaki kichwani. Sibishani nao. Ila wanaposimulia huanzia katikati, kwa hiyo mimi nitaanzia mwanzo.

Naitwa Minza. Ni mjane, mwaka wa saba sasa, na ninavua. Baba yangu alizaa wavulana watatu wasiopenda maji, akanipa mimi ndoano zake. Kila mwaka, pamba ikishavunwa na Mto Simiyu ukianza kukatika, maji hubaki kwenye madimbwi katikati ya mchanga, na mumi, ndio hao kambale, hujazana humo. Mimi hubeba turubai, sufuria na chumvi, nikakaa huko siku nne. Wanaume wanaonicheka ninapoondoka ndio hao hao wanaonunua nikirudi.

Joyness ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kwaya. Aliolewa na Anatoli, kanisani, miaka kumi na sita iliyopita. Wana mabinti wawili, Anna na Felisita, wote wako sekondari ya bweni. Nyumba wanayoishi, Joyness alifyatua matofali yake mwenyewe akiwa na mimba ya Felisita. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye waliongea kana kwamba alikuwa mgeni pale.

Mwaka jana mwezi wa saba alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kusalimia.

"Kadogo hayupo zizini," alisema.

Kadogo alikuwa mtamba wake, aliyemnunua kwa mpunga wa shamba lake. Nikamuuliza kama ameibiwa.

"Amepelekwa Mwamapalala. Ni mahari. Anatoli anaoa Jumamosi."

Yeye akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Nimeambiwa leo, tena na mama mkwe. Anatoli mwenyewe hajafungua mdomo. Na kazi nimeshapangiwa. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nitapika, halafu nitasimama mlangoni nimpokee mwenzangu." Akatazama ndoano zangu ukutani. "Wewe unakwenda lini mtoni?"

"Ijumaa. Narudi Jumatatu."

"Tunakwenda wote."

Nilimwambia hapana. Hilo watu hawalijui. Nilimwambia aende kwa katekista, aongee na mumewe, awaite wajomba zake. Akanijibu kwamba ameshamuuliza mumewe, hakujibiwa, na wajomba zake wamealikwa harusini.

Hakutoroka. Hilo nalo waliseme. Alhamisi, mbele yangu na mashemeji zake wawili, alimwambia Anatoli, "Kesho naenda mtoni kuvua na Minza. Nitarudi Jumatatu." Anatoli alicheka. Akasema, "Mama Anna, kuvua nini, wewe hata kuogelea hujui," akaendelea kunywa chai. Alidhani ni utani wa hasira, na hasira ya mwanamke huisha ukiisubiri.

Ijumaa alfajiri tulitoka na mizigo yetu. Yeye alibeba turubai lake la kuanikia pamba, unga, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwenye mfuko, na blanketi. Tulitembea kwa saa tatu. Tulipofika tulifunga turubai kwenye miti ya ukingoni, tukaweka mafiga matatu, nikaanza kumfundisha.

Kuvua kulimshinda kabisa. Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa namna ile. Mara ya kwanza alirusha mshipi ukanasa kwenye mgunga juu ya kichwa chake. Mara ya pili ndoano ilishika khanga yangu. Nyungunyungu aliwaogopa, yeye anayechinja kuku bila kukunja uso. Mumi wa kwanza alipokula chambo alishtuka akaachia mshipi wote, ikabidi niingie majini kuufuata. Nilipotoka nikiwa nimelowa mpaka kifuani alikuwa amekaa chini anacheka, na mimi nikacheka.

Mchana akaja mzee mmoja na ng'ombe wake kuwanywesha. Luhaga anaitwa, namfahamu kwa kumwona. Tukamsalimia, "Mwadila, baba," akaitikia vizuri, halafu akaona mishipi.

"Wanawake hawakai hapa na ndoano," alisema. "Maji yataondoka."

"Nimekaa hapa miaka saba, baba," nilimjibu.

"Ndiyo maana mvua imepungua."

Nilitaka kunyamaza, kwa sababu mtu mzima akishasema la mvua huwezi kumrudisha. Joyness hakunyamaza. Alisimama, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasema, "Baba, maji haya huondoka kila mwaka mwezi wa tisa, tukiwepo na tusipokuwepo. Mwaka huu tupo. Tutalala hapa mpaka Jumatatu."

Luhaga akapiga mluzi, ng'ombe wakamfuata. Nikamwambia Joyness, "Huyu atarudi."

Alirudi Jumamosi, asubuhi, na kundi zima. Hakuwapeleka pale penye njia ya kunyweshea. Aliwaswaga moja kwa moja ndani ya dimbwi letu, ng'ombe zaidi ya thelathini, wakaingia mpaka matumboni, wakakanyaga, wakakojoa, wakageuza maji yakawa uji wa udongo. Yeye akasimama ukingoni na fimbo yake mabegani. Tulielewa.

Sasa, mzee yule alijua ng'ombe, lakini samaki hakuwajua. Maji yakivurugwa namna ile mumi hukosa pumzi, hupanda juu wakifumbua midomo. Baba yangu alikuwa akiingia na watu kumi kuvuruga dimbwi kwa miguu ili apate hicho hicho ambacho Luhaga alitufanyia bure. Nilimwona wa kwanza akitokeza ndevu zake kando ya kwato. Nikamwambia Joyness, "Chukua tenga. Ingia."

Aliingia na gauni lake. Huyu aliyeogopa nyungunyungu alizama mpaka mapajani kwenye tope kati ya ng'ombe, anawasukuma kwa bega kama anavyowasukuma zizini kwake, na tenga akilitia chini ya samaki na kulinyanyua. Mimi nilitumia mikono na khanga. Tulitupa samaki nchi kavu, wengine walirudi majini wakijinyonganyonga, tukawafuata. Tulipotoka tulikuwa na mumi ishirini na kitu mchangani, na miili yetu haikutofautiana na udongo. Luhaga alikuwa bado amesimama palepale. Joyness alimwambia, "Asante, baba. Wabeja sana." Alisema kwa adabu zote. Mzee akawaita ng'ombe wake akaondoka, na siku zilizobaki aliwanywesha kwingine.

Tulikuwa hatujanawa tuliposikia pikipiki. Alikuwa Danford, mdogo wake Anatoli, amevaa suruali ya suti na viatu vilivyojaa vumbi, ua la harusi limebandikwa kifuani. Alizima pikipiki, akamtazama shemeji yake kuanzia nywele mpaka miguu, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, wageni wamefika," alisema. "Wazee wanakuulizia. Panda twende, utaoga nyumbani."

"Mmewaambia niko wapi?"

Danford akababaika. "Tumesema unaumwa. Umelazwa hospitali ya Somanda."

Nilimwona Joyness akibadilika. Mpaka saa ile alikuwa mtu aliyekwenda kuvua. Aliposikia habari ya kulazwa alitua tenga, akajifuta mikono kwenye majani polepole.

"Mimi siumwi, Danford."

"Ni maneno tu, ya kuficha aibu."

"Aibu ya nani?"

Danford akasema masufuria yamepangwa, akina mama hawajui chumvi iko wapi, mama yake analia, na kwamba mke mkubwa asipoonekana ndugu wa bibi harusi watasema nyumba ina laana. Yote aliyasema kwa upole, kwa kuwa Danford si mtu mbaya. Na mimi, niseme ukweli, niliogopa. Nilifikiria Jumatatu, nikafikiria atarudi kwa nani na watamfanyia nini. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Joyness, labda uende. Umeshawaonyesha. Inatosha."

Akaniangalia. "Minza, nikienda sasa hivi nitapika."

Ndivyo ilivyokuwa. Angeoga, angefunga khanga, angekoroga wali wa watu mia mbili, na ifikapo jioni ingekuwa hakuna aliyejua kwamba alikataa.

Danford alipomshika mkono, alimshika taratibu, lakini alimshika. Joyness hakuuvuta. Alimwambia, "Niachie, baba. Una suti nzuri, nitakuchafua." Danford akaachia, akapanda ukingoni kutafuta mtandao, akampigia kaka yake. Tukasikia anaongea, halafu akashuka na simu mkononi.

"Anataka kuongea na wewe."

Joyness akaichukua na vidole vyake vya tope. Kwenye simu kulikuwa na ngoma na kelele za watu. Anatoli alikuwa anafoka kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezungukwa na wageni. Sikusikia yote. Nilisikia "unanidhalilisha" mara mbili. Joyness alimsubiri amalize.

"Nilikuaga Alhamisi," alisema. "Sasa waambie wageni kwamba mke wako haumwi. Waambie amekwenda mtoni kuvua samaki. Usiposema wewe, Danford atasema. Na asiposema Danford, Jumatatu nitapita nyumba kwa nyumba niseme mwenyewe. Mimi sikulazwa popote."

Akamrudishia Danford simu. Danford aliitazama ilivyochafuka, akaifuta kwenye suruali yake ya suti bila kufikiri, akawasha pikipiki akaondoka.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Samaki wengi hawasubiri. Tulijenga kichanja cha miti mibichi, tukapasua mumi, tukawatoa utumbo, tukawapaka chumvi na kuwabanika kwa moto mdogo. Jua likielekea kuzama, saa ambayo bibi harusi huingizwa, Joyness alilia. Alilia akiwa ameshika kisu na samaki, na hakuacha kupasua. Sikumwambia nyamaza. Nilisogeza ndoo karibu naye ili asiinuke.

Jumapili alilala mpaka jua likawa juu ya miti. Nilikuwa sijamwona amelala mchana hata siku moja tangu aolewe. Alipoamka alikula matobolwa na samaki, akachukua mshipi wake, akakaa peke yake kwenye dimbwi la pili bila kuniita. Akamnasa mmoja mkubwa, urefu wa mkono wangu, akapambana naye bila kuachia mshipi, mpaka viganja vikachanika. Alimbeba mpaka kambini akamweka mbele yangu.

"Huyu tunamla sisi," alisema. Tukamla sisi.

Jumatatu tulirudi. Nilimsindikiza mpaka kwake, maana nilijua wangekuwepo. Walikuwepo. Anatoli alikuwa ameketi nje na mama yake, na mkewe mpya, Salu anaitwa, alikuwa anafagia uwanja. Binti wa miaka ishirini na moja au mbili, mwembamba, hina bado mbichi miguuni. Alipomwona Joyness alipiga magoti yote mawili. "Mwadila, mayu," alisema, akimwita mama.

"Mwadila, mwanangu. Inuka, sina ugomvi na wewe," Joyness alimwambia. Nayo ilikuwa kweli, mpaka leo hawajawahi kugombana.

Anatoli akasema kwamba ameamua. Joyness arudi kwao mpaka atakapojua kuomba radhi. Nadhani alitegemea kilio, au mizigo kufungwa. Joyness alipita mbele yake akafungua mlango wa nyumba kubwa, akaweka samaki ndani, akatoka.

"Matofali haya niliyafyatua mimi," alisema. "Atakayehama si mimi. Mjengee mwenzangu nyumba yake, na wewe ukakae huko. Cheti changu cha ndoa kiko kabatini, cha kanisani, na kinasema mke mmoja. Nikiamua kukipeleka mahakamani mjini Bariadi nitakipeleka. Kwa sasa nimechoka, nataka kuoga."

Anatoli alisimama. Nilidhani atampiga, nikashika vizuri ndoo yangu. Hakumpiga. Mama yake alimvuta shati akakaa tena.

Wiki iliyofuata waliitisha kikao. Wazee saba wa ukoo, toka asubuhi mpaka adhuhuri, na Joyness amekaa mkekani katikati yao. Niliruhusiwa kuja kama shahidi, ingawa nadhani walitaka kunikaripia. Walimuuliza nani alimtuma. Akasema hakuna. Walimuuliza kama ni mimi. Akasema mimi nilimkataza. Walimuuliza angefanya nini kama ni binti yake Anna amewekewa mke mwenza vile, na hapo walidhani wamemshika, kwa kuwa mama humwambia binti avumilie. Akasema angempeleka mtoni yeye mwenyewe.

Wakamtoza faini ya mbuzi mmoja kwa kuwaaibisha mbele ya wakwe. Mzee aliyetangaza aliuliza kwa utaratibu, kama desturi ilivyo, kama ameielewa hukumu.

"Nimeielewa, baba," Joyness alijibu. "Mbuzi sitoi."

Alisema hivyo tu, akakunja mkeka wake. Wazee wamemtumia ujumbe mara tatu tangu siku ile, mara ya mwisho mwezi uliopita. Anawakaribisha kwenye nyumba yake ile ile ya matofali, anawapikia chai, anawasikiliza mpaka mwisho. Mbuzi hajatoka.