Chujio Lililofuliwa Likang'aa

Jina la Turbo alijipa mwenyewe, tusidanganyane. Magari aliyajua kwa mdomo. Lakini baba mkwe wake alimwamini, na aliponunua pikapu ya kubebea kuku akamkabidhi aitunze. Siku hiyohiyo Turbo akatoa chujio la hewa la karatasi, akafunga la pamba, lile la kufuliwa, wanalolipenda vijana wa mashindano.

"Sasa injini itapumua, Baba. Utaona nguvu!"

Nguvu haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni mngurumo, na mzee akaufurahia kweli.

Chujio la namna hiyo likishafuliwa hupakwa mafuta yake, maana ndiyo yanayonasa vumbi. Turbo alilifua mpaka likang'aa, akaona kulipaka mafuta ni kulichafua upya. Akalirudisha kavu. Jamani! Na njia ya kwenda bandani ni vumbi tupu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja pikapu ikatoa moshi wa bluu, ikakohoa, ikazima. Turbo akafungua bomba la hewa, akapitisha kidole ndani, nyuma ya chujio, mahali ambapo vumbi halitakiwi kufika. Kidole kikatoka chekundu kwa vumbi. Akajua palepale. Akakifuta kwenye suruali, akafunga boneti.

"Ni uchakavu tu, Baba," akasema.

Jioni mzee akawaita sebuleni mkewe, binti yake na Turbo.

"Nina neno," akasema. "Uzee umenifika. Mkwe wangu ameitunza gari kama mboni ya jicho, mimi nimeikanyaga ovyo mpaka nimeiua. Mnisamehe. Siendeshi tena."

Akasukuma funguo upande wa Turbo. Mama mkwe akainama. Mke wa Turbo, kwa fahari, akamshika mumewe mkono.

Aibu ilimpanda Turbo mpaka masikio yakachemka. Laiti ardhi ingepasuka ikammeza!

"Baba, ni mimi," akasema. "Nilirudisha chujio bila mafuta. Vumbi ndilo limekula injini."

"Umejua lini?" mzee akauliza.

"Asubuhi."

Mkewe akauachia mkono.

Mzee hakupandisha sauti. "Injini inatengenezeka, mwanangu. Lakini ulikaa hapo, ukanitazama, nikaomba radhi mbele ya binti yangu?"

Turbo, bingwa wa maneno, akazisukuma funguo zikarudi upande wa mzee.